Mama Maabara na Mabani Arobaini na Moja

Watu wengi waliowahi kuingia kwenye maabara ya shule yetu walimkumbuka kwa jambo moja: aliwavua viatu. Si wanafunzi tu. Nimemwona kwa macho yangu akimsimamisha mlangoni mgeni wa chama aliyekuja na msafara wa watu saba, akamtazama miguuni, akasema, "Karibu sana, ndugu. Viatu, tafadhali." Mgeni akacheka akidhani ni utani. Mama hakuwa na utani mlangoni pale. Mwisho wakubwa wote wakaingia na soksi, mmoja kidole gumba kikichungulia, wakasimama mbele ya rafu ya chupa za jemu wasijue wanatazama nini.

Ndani ya chupa zile mlikuwa na mishubiri, ile mimea ya majani manene yenye utomvu mchungu inayopakwa kwenye vidonda, kila mmoja mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na aliyeiotesha ni yeye. Shule nzima tulimwita Mama Maabara, nami nitamwita hivyo hivyo. Kwenye karatasi za ajira alikuwa mtunza maabara: aoshe vyombo, afute meza, afunge gesi. Mimi nilikuwa mwalimu wa biolojia, nimetoka chuo kikuu juzijuzi, mtoto wa wafugaji wa Igunga aliyejiona amebeba sayansi yote ya mkoa kichwani. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani. Anasimuliwa na mtu aliyemwambia Mama Maabara kwamba haiwezekani.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nikijigamba mbele ya walimu wenzangu juu ya kitu nilichoonyeshwa chuoni: unachukua ncha changa ya mmea, unaisafisha isiwe na kijidudu hata kimoja, unaiweka kwenye chupa yenye chakula kilichogandishwa, nayo inachipua vichipukizi vingi. Kila kichipukizi ukikikata na kukihamisha, kinachipua vingine. Mmea mmoja, miche mamia. Mama alikuwa akipanga vikombe karibu yetu. Kesho yake asubuhi akanikuta mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Ile habari yako ya jana ya chupa. Na mshubiri nao unakubali?"

Nikamhesabia kwa vidole: hatuna mashine ya kuua vijidudu, hatuna dawa za kuchochea ukuaji, hatuna chumba safi. "Hapa haiwezekani," nikamalizia.

"Haiwezekani, au hujajaribu?"

"Sijajaribu."

"Basi useme hivyo."

Sikujua wakati ule kwa nini anautaka mshubiri kwa nguvu namna ile. Alinieleza baadaye, akiwa ananipa mgongo, anaosha mirija. Mdogo wake wa kike alikuwa ameolewa upande wa Usoke, na wakati wa kuhamia vijijini yeye na mumewe walihamishiwa kijiji cha ujamaa kilicholima tumbaku. Tumbaku hukaushwa kwenye bani, kijumba cha udongo kirefu kwenda juu, moto unawashwa kwa nje na joto linapita ndani kwenye bomba la bati kwa siku kadhaa bila kuzimwa. Mama alikwenda kuwatembelea msimu wa kukausha. Binti wa mdogo wake, mwenye umri wa miaka sita, alijikwaa akashikilia bomba.

Mama akakimbia nyuma ya nyumba kukata jani la mshubiri. Mshubiri haukuwepo. Ulikuwa umebaki kule walikotoka, kando ya jiko la zamani, mwendo mrefu kwa miguu. Watu walipakia vitanda, vyungu na kuku. Hakuna aliyekumbuka kupakia mmea. Majirani wakaja na majivu, mwingine na unga wa muhogo, wakampaka mtoto mkono mzima. Kidonda kikaoza chini ya gamba. Hadi anafikishwa hospitali ya Tabora, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana, na havikuachana tena.

"Mimi nafanya kazi maabara, Mwalimu," alisema, bado akiosha. "Uchafu naujua. Na nilisimama pale nikiwatazama wanavyompaka majivu."

Daktari alimweleza kwamba kwa moto mkubwa kama ule hata mshubiri usingetosha. Kilichohitajika kwanza ni maji safi mengi, kitambaa safi, na hospitali haraka. Mtu mwingine angepata ahueni kwa maneno hayo. Yeye aliyageuza kuwa sheria tatu, akawa anazisema kwa mpangilio uleule kwa kila aliyemsikiliza: "Maji safi kwanza. Mshubiri kwa kidonda kidogo, ukishamwaga maji yake ya njano. Kikizidi kiganja chako, hospitali, na usinipotezee muda." Kisha akahesabu mabani ya kijiji kile. Yalikuwa arobaini na moja. Aliapa kila bani litakuwa na mshubiri mlangoni na mwanamke mmoja anayezijua sheria tatu. Mshubiri wake mwenyewe, ule wa uani kwake mtaa wa Mtendeni, pale Tabora mjini, ulitoa machipukizi matatu au manne kwa mwaka. Alipiga hesabu akaona atazeeka hajafika nusu.

Namna yake ya kufanya kazi ilinitia aibu mara nyingi. Mashine ya kuua vijidudu aliipata darasa la upishi: sufuria la presha, akaliazima Ijumaa na kulirudisha Jumatatu likiwa linang'aa kuliko lilivyotoka. Chumba safi alikitengeneza kwa sanduku la mbao lililokuwa na vioo vya dirisha, akatoboa matundu mawili ya kuingizia mikono, na hakuruhusu mtu apumue karibu nalo. Dawa za kuchochea ukuaji hatukuwa nazo kweli, lakini nilikumbuka kwamba chuoni walitumia maji ya dafu, nikamtajia kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hayatapatikana. Tabora na dafu wapi na wapi! Wiki mbili baadaye madafu manne yalikuwa chini ya meza yake. Alikuwa amekwenda stesheni, akazoeana na mpishi wa treni ya Dar es Salaam, na kwa miaka yote iliyofuata yule bwana alimletea madafu kila zamu yake.

Kisha ikaja sukari. Chakula cha chupani kinataka sukari, na miaka ile sukari ilikuwa inagawiwa kwa kadi kwenye duka la ushirika, kijifuko kidogo kwa kila kaya. Nilidhani hapo ndipo atakwama. Ukifika kwake saa ya chai ungeona ameweka kikombe chake pembeni, cheusi, hakina sukari, anakunywa huku amekunja uso. "Chupa zinywe tamu, mimi ninywe chungu," alisema. "Si ndiyo kujitegemea huko mnakoimba paredi?"

Kilichotushinda kwa miezi mingi ni weusi. Kila tukikata ncha ya mshubiri na kuiweka kwenye chupa, inatoa utomvu unaogeuka kahawia, kisha mweusi, na chakula chote kinaharibika na mmea unakufa. Niliandika barua chuoni kuuliza. Sikujibiwa. Chupa ziliendelea kufa, nami nikaanza kusema sentensi zinazoanza na "Nilikwambia". Siku moja akaniita akiwa ameshika ndizi mbichi.

"Mwalimu, nyumbani kwenu ndizi ya kupika ukishaimenya mnaiweka wapi?"

"Kwenye maji."

"Maji matupu?"

"Mama yangu huwa anakamulia ndimu, isiwe nyeusi."

Akanionyesha chupa iliyokuwa nyeusi. Nikajihisi joto masikioni. Miaka yangu ya chuo, na jibu lilikuwa kwenye karai la mama yangu. Kuanzia siku ile kila ncha ililowekwa kwanza kwenye maji yaliyochemshwa yenye ndimu, kisha kila baada ya siku tatu alihamishia kwenye chupa mpya. Nyingi ziliendelea kufa. Chache hazikufa. Moja, mnamo mwaka wa pili wa kujaribu, ikafanya kivimbe cha kijani, kikapasuka, vikatoka vichipukizi vitano. Mama Maabara hakupiga kelele. Alikaa juu ya stuli, akavua miwani, akalia, akaifuta, akaivaa, akaniuliza kama nimeshasahihisha mitihani.

Kila chupa aliibandika karatasi yenye jina la mwenye bani. Chupa ikiingia ukungu hakufuta jina. Aliiosha, akaichemsha, akaanza upya na jina lilelile. Nilimwambia namba zingekuwa rahisi. Akasema namba haiungui mkono.

Nisije nikamchora kama mtakatifu, maana hakuwa. Alikuwa mkaidi, na ulimi wake uliweza kumenya mtu. Mambo yake mengine hayakupatana. Alisema bismillahi kabla ya kuwasha taa ya spiriti na hakuona ubaya, lakini mzee mmoja alipomwambia mshubiri ukatwe kabla jua halijachomoza ndipo uwe na nguvu, alimcheka hadi mzee akaondoka. Yeye mwenyewe akiumwa kichwa alimeza aspirini. "Sasa Mama, na dawa zako za majani?" "Mshubiri si wa kichwa," alijibu, "na mimi si mjinga."

Wanawake wa Mtendeni walimfuata kwa jambo jingine kabisa. Mama anapotaka kumwachisha mtoto ziwa hupaka shubiri kwenye chuchu, mtoto akionja uchungu anaacha mwenyewe. Walikuja na vichupa, wakiwemo mabinti wa nyumba za Kiarabu za barabarani, waliotuma watumishi kwanza na kuambiwa warudi wenyewe. Aliuliza swali moja: "Mtoto ana umri gani?" Asipofika miaka miwili, mwanamke aliondoka na kichupa kitupu pamoja na hotuba. Na ukiwa mjamzito, hata uwe dada yake wa tumbo moja, hakukupa yale maji ya njano kwa sababu yoyote ile. Alisema kuna mwanamke aliyekunywa kusafisha tumbo akaharisha hadi mimba ikataka kutoka. Hayo aliyasimulia kwa ukali, akikuangalia wewe kama ndiye uliyemnywesha.

Miche kumi na tisa ya kwanza ilipokomaa tukaipanda kwenye makopo, tukaipeleka kijijini kwa treni. Siku ile Mama alivaa khanga mpya. Wanakijiji walitupokea vizuri. Mwenyekiti alihutubia, akinamama wakapiga vigelegele, na kila aliyepewa kopo alisomewa jina lake. Mama akawafundisha sheria tatu, akawauliza mmoja mmoja, hakumwacha aliyekosea. Tulirudi Tabora tukicheka njia nzima.

Baada ya mwezi na nusu tukarudi kuangalia. Mishubiri yote kumi na tisa ilikuwa imeoza.

Haikuoza kwa uzembe. Wale ni watu wa tumbaku, na mche wa tumbaku unadekezwa: unawekwa kitaluni, unafunikwa nyasi, unamwagiliwa asubuhi na jioni bila kukosa. Walipoletewa miche iliyotoka maabara, yenye majina yao, wakaona hii ni ya kutunzwa kuliko hata tumbaku. Wakaitengenezea kitalu cha pamoja, wakaifunika nyasi, wakapanga zamu. Akinamama walibeba ndoo kutoka kisimani asubuhi na jioni kwa wiki sita. Mshubiri hautaki maji hivyo. Uliloa, ukalegea, ukageuka uji. Mama mmoja mzee akaja mbele yetu mikono nyuma, akasema, "Tusamehe, mwanangu. Labda tuliwahi kukosa siku moja."

Nilijua Mama Maabara atafoka. Nilikuwa nimeshaanza kujisogeza. Akachutama pembeni ya kitalu, akachota ule uozo kwa vidole, akanusa. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

"Hamjakosa hata siku moja," alisema. "Nimekosa mimi. Niliwaambia mengi ya kufanya, sikuwaambia kitu gani msifanye." Kisha akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu na yule binti wake. Yeye hakupewa kopo siku ya kugawa, kwa sababu Mama alikuwa ameshaamua kwamba bani la mdogo wake litakuwa la arobaini na moja. Miaka ile kila mahali ungesikia watu wakinung'unika kwamba mwenye cheo anaanza na ndugu zake. "Wangu wa mwisho," ndivyo alivyosema, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

"Dada," mdogo wake akasema, "mimi nangoja."

Ndani ya treni ya kurudi nilisema kitu cha kijinga kama vile angalau tumejaribu. Mama alikuwa ameshatoa daftari, anaandika majina kumi na tisa yaleyale upya. Juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, akaandika sheria ya nne: USIMWAGILIE.

Mkuu wa shule aliyetupenda akahamishwa. Aliyekuja hakuelewa kwa nini rafu za maabara zimejaa chupa za jemu wakati wanafunzi wanajiandaa na mtihani, na kusema kweli hakuwa amekosea sana. Alimpa Mama wiki moja. Mimi nilitaka tuandike malalamiko wilayani. Mama akasema malalamiko hayanywi maji ya dafu. Akakodi mkokoteni, akazifunga chupa kwa magunia na nguo zake mwenyewe, akazipeleka jikoni kwake Mtendeni. Sanduku la vioo likakaa juu ya kabati la vyombo. Ungefika kumsalimia ungevuliwa viatu mlango wa jikoni, na mume wake, fundi cherehani mpole, alikuwa akipewa chakula chake dirishani.

Mwaka uliofuata nikahamishwa. Niliondoka akiwa amefikisha mishubiri kumi na mitatu hai kijijini. Nilimwahidi kuandika, nikaandika mara mbili, na hilo ni kosa langu ambalo sina wa kumsingizia.

Ilipita miaka mingi. Nikapangiwa kazi Kigoma, na treni ya Kigoma inafika Tabora inakaa saa kadhaa ikikata mabehewa. Ilikuwa asubuhi. Nikaliacha begi kwa abiria mwenzangu, nikashika njia ya Mtendeni nikiwa sijui kama nitamkuta hai.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka. Amekonda, na mikono inatetemeka, ile mikono niliyoiona ikigawa kichipukizi kwa wembe bila kukichubua ukingo.

"Shikamoo, Mama."

Hakuniangalia usoni. Aliniangalia miguuni. "Marahaba. Viatu, Mwalimu."

Nikavua huku nacheka. Jikoni, mbele ya sanduku la vioo, alikuwa ameketi mwanamke kijana, mikono yote miwili imo matunduni. Aliponisikia akaitoa anisalimie, nikaiona: vidole viwili vya mkono wa kulia vimeshikana tangu shina hadi ncha.

"Mimi siwezi tena," Mama alisema, akinionyesha mikono yake. "Huyu nilimfundisha hata kabla haijaharibika. Wembe anaubana kwa vile vidole viwili. Tazama unavyotulia." Aliyasema kwa majivuno ya wazi, hakuyaficha hata kidogo.

Nikauliza swali lililonileta. "Mabani yote yalipata?"

"Arobaini."

"Na la mdogo wako?"

"Wa arobaini ulisimama mwaka jana, baada ya kuoza mara tatu. Mwenye bani lile ni mkaidi, kila siku alikuwa anauhurumia anaupa maji." Akaigeukia rafu. "Majirani walitaka kumpa mdogo wangu machipukizi ya kwao. Akakataa. Anasema anangoja wenye jina lake."

Nilimtazama binti. Akatabasamu, akanyoosha mkono rafuni, akashusha kopo la maziwa lenye mshubiri uliokwisha kutoa majani sita manene. Karatasi yake ilikuwa ya manjano na wino umefifia, imehamishwa kutoka chupa hadi chupa, kutoka rafu ya shule hadi jiko hili. Lakini jina lilisomeka, na mwandiko niliutambua.

"Anaupeleka leo," Mama alisema. "Treni yako si inapita Usoke? Basi mtakwenda pamoja, umshikie kopo akipanda."

Alitusindikiza hadi mlango wa nje kwa kujishika ukuta. Nilibeba kopo kwa mikono miwili. Binti alikuwa ameshafika barabarani Mama alipomwita kwa jina, kwa sauti ileile iliyokuwa ikiwasimamisha wakubwa mlangoni, akageuka.

Nilidhani atamtuma amwombee radhi kwa mama yake, kwa miaka yote ya kungoja. Midomo ilimcheza Mama, na niliona kwamba hata yeye mwenyewe alidhani hivyo.

"Mwambie mama yako," alisema, "asiumwagilie."